Mlango Uliolazwa Uani

Mshonaji mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mola amzidishie nguvu, hakuwa mvivu. Lakini mlango wake wa mbele, ulioelekea jua la alasiri, ulimshinda. Kila mwaka aliupaka rangi, na kila mwaka rangi ikatuna malengelenge na kubanduka. Seremala wa mtaani alimtania kwamba anaupaka mlango poda. Kisha akamweleza: rangi kuukuu haina budi kukwanguliwa na kupigwa msasa, na kazi ifanyike kivulini, maana jua huikausha rangi juujuu kabla haijashika. Tena mlango ung'olewe kwenye bawaba, ili kingo za juu na za chini nazo zipakwe; huko ndiko unyevu unakojipenyeza.

Hapo mshonaji alikataa. Mama mkwe wake, aliyepotewa na kumbukumbu, alishinda akitikisa kitasa, akidai kwenda kwao. Siku moja komeo lilisahauliwa, wakamkuta barabara kuu, baina ya malori. Tangu hapo mshonaji hakumaliza pindo bila kuinua kichwa.

Lakini mvua zilikaribia, na ubao wa chini ulianza kuoza; ukiachia, komeo lisingefaa kitu. Akaridhia shingo upande. Seremala akaulaza mlango uani, kivulini, naye mshonaji akahamishia cherehani kizingitini, akakaa yeye badala ya mlango, roho mkononi. Usiku waliziba uwazi kwa kabati.

Mama mkwe akaja. Akautazama uwazi ule, akaitazama barabara.

"Mama, unakwenda wapi?" mshonaji aliuliza, mguu umekwisha kuacha pedali.

"Niende wapi na jua lote hili? Sogeza licherehani lako, nipate hewa."

Akaketi. Akainuka, akachungulia, akarudi. Kitasa cha kutikisa hakikuwapo. Mpaka jioni hakutoka, wala siku zilizofuata.

Rangi ilipokauka, seremala alikuja na bisibisi. Mshonaji akaigusa rangi kwa ukucha. Ilikuwa ngumu, haina hata mkwaruzo.

"Bado tabaka moja, fundi," alisema.

"Shemeji, hii imekamilika. Unaogopa nini sasa?"

Mshonaji alimwomba arudi wiki ijayo. Akarejea kwenye cherehani, akashona kidogo, akainua kichwa. Mama mkwe alikuwa amesinzia kitini, unyayo mmoja nje ya kizingiti.