Ndege Ndani ya Simu ya Kiza

Kiza hajawahi kupanda ndege. Naliweka hili mbele kabisa, maana ukimsikia anavyozungumza utadhani alizaliwa ndani yake. Alizaliwa Kindu, kwetu Kongo, karibu na uwanja wa ndege, akakua akiwauzia abiria karanga, na huo ndio urubani wake wote. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ana kibanda cha kuchaji simu, kilichoshikana ukuta na kibanda changu cha ushonaji. Nimemsikia asubuhi hadi jioni, miaka nenda miaka rudi, na cherehani yangu haina kelele za kutosha kumfunika.

Kwenye simu yake ana ramani ya dunia iliyopigwa picha kutoka angani. Mtu mwingine angeitumia kutafuta njia ya kwenda sokoni Madisi. Kiza hutafuta ndege. Anafungua uwanja mmoja baada ya mwingine, anaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ivurugike, halafu anawaita wanaume wanaongoja simu zao kwenye benchi waje waone maajabu. Uwanja wa Lilongwe ameuchungulia mpaka naona haya kwa niaba yake. Siku moja aliikuta ndege iliyopigwa picha ikiwa hewani. Ilikuwa imetokeza mara tatu, nyekundu, kijani na buluu, kwa kuwa ilikuwa mbio na kamera haikuiwahi. Yeye akatangaza kwamba ile ni roho ya ndege inayoufuata mwili. Wanaume wazima, wenye ndevu zao, wakaguna kwa mshangao, na mmoja akavua kofia.

Wanamwita Komanda, jina tunalowapa marubani kwetu. Théophile, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, alimwomba amwonyeshe nyumba yake ya Bukavu. Komanda akaitafuta akaipata, bati zima, ua mzima, na mparachichi wake kwenye kona. Théophile akalia kwa furaha. Jumapili dada yake akampigia simu kutoka huko, akamwambia jambo walilokuwa wamemficha muda mrefu, kwamba nyumba ile ilichukuliwa na maporomoko ya mvua na leo pale ni korongo. Picha ilikuwa ya zamani. Tarehe yake imeandikwa pale chini kwa herufi ndogo, ila Komanda hana muda na herufi ndogo.

"Satelite haidanganyake," alimwambia Théophile. "Dada yako njo anadanganya."

Haya yote ningeyacheka tu, nikashona nguo zangu, kama si Zaituni.

Zaituni ni mke wa Amisi, na Amisi ni kaka mkubwa wa Kiza. Amisi alikuwa mfanyabiashara wa sabuni na chumvi. Alipanda ndege ndogo ya mizigo kutoka Bukavu kwenda Maniema, akakaa juu ya magunia kama walivyokaa wote, na ndege haikufika. Wenye ndege walifunga ofisi yao wakapotea. Waliokwenda kutafuta msituni walirudi mikono mitupu. Vita vilipozidi, Zaituni alikimbilia huku na watoto wake pamoja na shemeji yake, akaanza kuuza usipa, hawa dagaa wa ziwani, kwenye beseni mbele ya vibanda vyetu.

Basi Komanda akaiona ndege. Ilikuwa kwenye kiwanja cha udongo katikati ya msitu wa Maniema, nyeupe, na mkiani ina mstari wa buluu. Akapiga kelele mpaka nikajichoma sindano. Ndege ya Amisi ilikuwa nyeupe, ilikuwa na mstari wa buluu, kwa hiyo ni hiyo, kwa hiyo haikuanguka, kwa hiyo Amisi yu hai. Hesabu ya Kiza ndiyo hiyo. Amisi ameshikwa na watu wenye silaha, alisema, au yuko machimboni mahali pasipo na mtandao. Nikamuuliza ni mtandao gani huo usioshika miaka yote hii, wakati hata waasi wana vikundi vyao vya WhatsApp. Akanijibu kwamba wanawake hawaelewi mambo ya anga.

Nimeiona ndege yenyewe, alininyooshea simu mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kando ya magurudumu yake kumeanikwa kitu cheupe, na yeyote aliyekulia kwetu anajua kwamba ile ni mihogo. Hakuna mtu anayeanika mihogo chini ya bawa la ndege inayoruka. Lile ni gofu, na limesimama pale labda tangu Amisi hajaota ndevu. Nilimwambia Kiza hivyo. Akasema rubani ameruhusu.

Kila alipopata picha mpya alimwita Zaituni. Naye aliweka beseni chini, akafuta mikono ya samaki kwenye kitenge, akatazama, akasema, "Ndiyo, shemeji," akarudi kwenye biashara yake. Hakubisha hata siku moja. Nilimwona bwege, na sikuacha kumwambia.

Kisha akaja Nahayo. Nahayo ni Mrundi, mgane, fundi wa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, mtu wa maneno machache, jambo ambalo kwenye mstari wetu wa vibanda ni neema. Watoto wa Zaituni walikuwa wakimzoea, na Zaituni alikuwa ameanza kujipaka mafuta usoni kabla ya kuja sokoni. Nahayo akaenda kuposa kwa Kiza, kwa heshima zote. Kiza hakumpa hata kigoda. Alimsogezea simu puani.

"Unaona hii? Bibi ya mutu haposwe. Bwana yake iko muzima."

Shehe wa hapa kambini naye akasita. Alisema mume aliyepotea si jambo dogo, na bila neno la ukoo wa mume yeye hathubutu kufungisha ndoa. Akawaelekeza wote kwa shehe mkubwa wake, Lilongwe. Maana yake ilikuwa wazi: Kiza akimshawishi huyo mkubwa kwamba Amisi yu hai, Zaituni atazeeka akiwa mke wa picha.

Zaituni aliniomba nimsindikize. Mimi ni Mkristo, nikajifunga kilemba nikaenda, maana nilitaka kumwona Komanda akiaibika mbele ya mtu mwenye akili. Alivaa koti la suti kwenye jua lile. Simu aliichaji mpaka ikajaa, na alibeba nyingine ya akiba, ndege isije ikazimika katikati ya ushahidi.

Msikiti wenyewe ulikuwa mdogo, mtaa wa Kauma, na shehe alitupokea kwenye chumba cha pembeni. Alikuwa Mmalawi aliyesoma Tanga, Kiswahili chake safi kuliko chetu sote. Aliitazama simu kwa subira, Kiza akamweleza habari za bawa, mkia na mstari wa buluu mpaka jasho likamtiririka.

"Kwa hiyo ndege ilitua," alisema shehe.

"Ilitua, Shehe. Muzuri kabisa. Haina hata mukwaruzo."

"Na ndugu yako akashuka salama."

"Salama."

Shehe akamgeukia Zaituni, akamuuliza kama ana la kusema. Nilidhani atalia. Alikaa vizuri kwenye mkeka, akaitazama simu, kisha akamtazama Kiza.

"Mi nakubali," alisema. "Shemeji anasema Amisi alishuka salama. Basi, Shehe, uandike vile. Bwana yangu iko na miguu, iko na kinywa, na hajatuma hata neno moja juu ya batoto yake. Alitukimbia. Batoto nitabaambia vile, baba yenu alibatupa. Bibi mwenye alitupwa, dini inamufunguaka, ao hapana?"

"Humfungua," alisema shehe.

"Amisi hawezi!" Kiza aliruka, simu ikamponyoka. "Amisi hawezi kutupa batoto! Unamujua, Zaituni! Ule mutu alikuwa anatutumia feza mpaka sisi bote, nyumba muzima!"

"Basi sema, shemeji. Alikimbia, ao ndege ilianguka? Chagula moja. Zote mbili zinanifungua. Lakini moja inamuchafua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa saa hiyo. Nilikuwa na maneno ya kumpa Kiza njiani kote mpaka Dzaleka, yamenolewa. Kiza aliiokota simu. Ile ndege nyeupe ilikuwa bado inawaka kwenye kioo, na mihogo yake. Akaitazama muda mrefu, halafu akaizima.

"Ilianguka," alisema.

Shehe alimwomba arudie, maana neno hilo lina uzito wake.

"Ilianguka, Shehe. Nafasi ilikuwa imejaa. Mi njo niliongea na bale ba kupakia mizigo, nilibajua tangu Kindu, nikabaomba bamupandishe Amisi juu ya magunia." Akafunika uso kwa mikono miwili. "Mi njo nilimupandisha."

Zaituni akapiga ukelele. Nimeshasikia vilio vingi kambini, lakini hicho kilikuwa kilio cha msiba mbichi, cha mtu aliyefiwa asubuhi hiyo hiyo. Shehe alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akamwambia eda yake inaanza leo, na ikiisha yuko huru kuolewa na amtakaye. Akamuuliza Kiza kama ndugu yake alishawahi kuswaliwa. Kiza akatikisa kichwa. Basi shehe akawaita wanaume waliokuwa uani, na Amisi akaswaliwa pale pale, bila mwili, bila jeneza, Kiza akiwa safu ya mbele na koti lake la suti. Nilibaki nje nikiwasubiri. Yale maneno yangu yaliyonolewa sikuyatumia, na sitayatumia.

Tulipofika barabarani kungoja gari la kurudi, Kiza alikuwa nyuma yetu. Akasogea karibu na Zaituni, akazungumza kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisikia kupitia ukuta wangu.

"Shemeji, kweli ungebaambia batoto Amisi alibatupa?"

"Hata siku moja," alisema Zaituni. "Mi nilijua imeanguka tangu ile siku."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unangojaka miaka yote hii?"

Zaituni alijifunga kitenge upya, akaitazama barabara.

"Hapana Amisi njo nilikuwa nangoja, shemeji. Nilikuwa nangoja weye."