Umri wa Bibi wa Zuzu

Bibi mmoja wa kijiji cha Zuzu alikuja kliniki kwangu, moyo wake ukidunda bila mpangilio. Ili kukadiria hatari ya kiharusi, nilijumlisha alama zake: presha, kisukari, umri. Mwaka wa kuzaliwa hakuujua. Wa kwenye kitambulisho aliukisia karani. Nikakwama. Akanionyesha kwa kidevu mzee aliyekaa kwenye benchi mlangoni.

"Yule jirani yangu ananiamkia shikamoo tangu utotoni."

Mzee umri wake aliujua kwa cheti cha ubatizo: sabini na sita.

Basi nikamwambia bibi kwamba amevuka sabini na tano, anapata alama mbili za umri, na dawa ya kuzuia damu isigande ataanza leo. Akanikazia macho.

"Mbili tu? Kwa uzee wote huu?"