Bwana Makofi

Pale chuoni cheo chake kilikuwa Afisa Uhusiano wa Jamii, lakini mitaani walimwita Bwana Makofi, na jina likamganda. Kazi yake, ukiondoa maneno ya kiofisi, ilikuwa moja tu: kujaza viti. Mkuu wa chuo akitaka kuhutubia, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, akavua viatu mlangoni, akauliza hali ya mgonjwa, kisha akasema, "Mama mdogo, kiti chako nimeshakiandika jina. Usipokuja utaniumbua." Nani atakiacha kiti chenye jina lake? Watu walikuja, naye aliwapa sheria moja: "Hotuba ikiwachosha, nitazameni mimi pale mlangoni. Nikipiga makofi, na nyie pigeni."

Kwa miaka kumi na moja hakikubaki kiti kitupu. Wakuu wanne walipita, wote wakamsifu, lakini hakuna hata mmoja aliyempa ajira ya kudumu. Kila mwaka mkataba mpya, kila mwaka roho mkononi. Jambo moja alilojivunia kwa haki ni darasa la jioni la kusoma na kuandika, chumba namba sita. Alilipigania mwenyewe mpaka likaanzishwa. Humo alimwingiza mama yake mzazi, mwenye miaka sitini na nane, mwanamke aliyeweka dole gumba kwenye kila karatasi ya maisha yake, hata ile ya kifo cha mumewe.

Na mama alikuwa anasoma! Polepole, kidole kikitembea chini ya herufi, lakini anasoma. Alisoma pakiti ya chumvi, alisoma kibao cha zahanati, alisoma fulana za watu vifuani mpaka wakaona haya.

Asubuhi ya Siku ya Jamii, mkuu mpya alimwita ofisini. Alikuwa mama wa sauti laini, na sauti laini ndiyo huuma zaidi.

"Leo natangaza chumba namba sita kiwe chumba cha wageni wa chuo. Darasa la jioni basi."

"Mkuu, wale wazee hawana pengine pa kwenda."

"Najua. Ndiyo maana nataka wakubali wenyewe, hadharani. Na wewe ndiye wanayemsikiliza." Mkataba wake ulikuwa mezani, haujatiwa saini. Mkuu akaweka kikombe cha chai juu yake. "Tutaongea baada ya hotuba."

Mimi simtetei. Alikuwa na watoto watatu shuleni, ndiyo, lakini msaliti gani hana watoto?

Ukumbini mama yake alikataa kuonyeshwa mahali. "Niache, najisomea," akasema, akakipata kiti chake mstari wa mbele. Mkuu akahutubia mpaka viatu vikaanza kubana watu, kisha akafika penyewe: "Katika kuboresha ushirikishwaji, matumizi ya jioni ya chumba namba sita yanahuishwa kwa ajili ya ugeni wa kitaasisi." Hakuna aliyeelewa. Vichwa mia mbili vikageuka mlangoni.

Akapiga makofi.

Ukumbi mzima ukampokea. Aliyepiga kuliko wote alikuwa mama yake, akimtazama kwa fahari, akimgusa jirani begani: "Huyo wangu."

Jumatatu jioni alikuwa anatoka, mkataba mpya mkobani, akawakuta wazee wamesongamana nje ya chumba namba sita. Mlango ulikuwa na kufuli jipya na tangazo. Mama yake alikuwa mbele, kidole kwenye karatasi. Bwana Makofi akasimama nyuma yao.

"Msimsaidie," mzee mmoja alisema. "Asome mwenyewe."

"Da-ra-sa li-me-fu-ngwa," mama alisoma, "kwa ri-dha-a ya wa-na-nchi, wa-li-o-ku-ba-li kwa ma-ko-fi."

Yule mzee akaitazama mikono yake mwenyewe. Kidole cha mama kikashuka chini, penye saini. Akasoma cheo, Afisa Uhusiano wa Jamii. Akasoma jina la kwanza, lile alilompa yeye mwenyewe siku alipomzaa. Kwenye la pili kidole kikasimama. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwomba mwalimu amfundishe, siku ya kwanza kabisa ya darasa.

Akageuka, akamwona mwanawe.

"Nimesoma lote, mwanangu, bila kusaidiwa. Hili la mwisho tu limenishinda kulitamka mbele za watu. Ni jina la baba yako."

Yule mzee akaanza kupiga makofi, taratibu, amemkazia Bwana Makofi macho. Wengine wakafuata, kama alivyowafundisha.