Gurudumu la Shaba la Marehemu Farquhar

Murdo Geddes, mpeleka barua mstaafu wa kando ya mto Spey huko Uskoti, alikuwa akikusanya fito za kale za kuvulia samaki wa samoni na magurudumu yake ya kukunjia mshipi. Siku moja mjane Effie alimwonyesha gurudumu la shaba la marehemu mumewe, Farquhar. Murdo alitambua papo hapo kuwa ni la kale na la thamani kubwa.

"Hili limekufa, Bi Effie. Lete nikakutupie," alisema, naye Effie akampa.

Mwezi uliofuata, kwenye maonyesho ya wavuvi, Effie alilikuta ndani ya kabati la kioo, linang'aa, na jina la Murdo chini yake.

"Kumbe limefufuka, Murdo!" alisema, watu wote wakisikia.

Murdo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alilitoa kabatini, akamkabidhi Effie. Tangu hapo, akienda mtoni, hupita njia ya nyuma, asipite mbele ya nyumba ya Effie.