Tausi wa Bibi Anatazama Kushoto

Usiku ule haukuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma bati mpaka linalia, na mimi nimelala na hasira zangu. Nauita usiku kwa sababu kule nilikokwenda kulikuwa na giza, na kwa sababu wafu, nijuavyo mimi, hawatembelei watu mchana. Wa kwangu alikuja mchana. Hata katika hilo hakuwa na utaratibu.

Niseme kwanza kilichoniudhi.

Bibi yangu, mzaa mama, alifariki akaniachia kopo la biskuti. Mjomba alipata cherehani. Mama mkubwa alipata kitanda cha mninga. Mimi nikapewa kopo limejaa mapambo ya bandia: bangili za shaba, hereni za vioo vya chupa, mikufu, vikuku, kipini cha pua chenye mnyororo wa kufika sikioni. Kila pambo limeviringwa kwenye kipande cha karatasi, na juu ya karatasi, kwa penseli, kwa zile herufi kubwa za kisomo cha watu wazima, ameandika ni la nani. Majina ya masteringi wa sinema hakuyajua. Aliandika: YULE WA KISIMANI. YULE MWENYE MUME MLEVI. YULE ALIYEKUFA KABLA HAIJAISHA.

Bibi alikuwa mke wa mkata mkonge. Kambini kwao, mwisho wa mwezi, lilikuwa linakuja gari la sinema. Wanafunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili uwanjani, watu wanaangalia sinema za Kihindi bure. Kila steringi wa kike aliyempenda, Bibi aliyashika mapambo yake kwa macho, akayachora, kesho yake akampelekea fundi wa karakana amtengenezee kwa shaba chakavu. Wenzake walikusanya vikombe vya maua. Yeye alikusanya masikio na shingo za watu wa Bombay.

Na kila akitusimulia alisema vilevile: alikaa mbele, mkeka wa kwanza, mashine nyuma yake, akaona kila kitu. Mama yangu akiwepo alikuwa anacheka tu, kwa sababu yeye hakumbuki sinema hata moja. Anachojua ni alichoambiwa na watu wa kambi, kwamba hakuna mtoto aliyezaliwa pale akalia kuliko yeye.

Sasa asubuhi ya siku ile akaja Mama Shufaa. Ni mama wa mjini, mwenye nafasi yake, na anachopenda duniani ni kukusanya mapambo yaliyovaliwa na masteringi wa zamani. Akikosa yenyewe huchukua nakala, lakini iwe nakala sahihi. Habari za kopo langu alizipata kwa jirani. Alikuja na albamu ya picha na glavu nyeupe, akakaa kwenye kochi langu kama daktari.

Akafungua YULE WA KISIMANI. Ni kibanio cha nywele, tausi wa shaba mwenye jicho la kioo cha kijani. Akakiweka kando ya picha ya steringi mwenyewe. Tausi wa kwenye picha anatazama kulia. Tausi wa Bibi anatazama kushoto. Akafungua pambo la pili, la mwezi mchanga, na mwezi umefunguka upande usio wake. Akafungua kipini, mnyororo unaelekea sikio lingine. Kila alichofungua kimepinduka. Mimi nimesimama na mtoto kiunoni, natazama mambo yangu yakiharibika moja moja.

"Bibi yako hizi sinema hakuziona, mwanangu," akaniambia. "Alisimuliwa."

Alilisema kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Angefoka ningejua la kumjibu. Halafu akasema kopo lisiniumize kichwa, atalichukua yeye, ang'oe vile vioo, maana anayo mapambo ya kweli yaliyopungukiwa mawe. Atarudi baada ya alasiri. Picha ya tausi akaniachia mezani ili nijionee mwenyewe.

Nikakubali. Nilikubali haraka, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Darasa la nne nilipigana na binti wa jirani aliyesema bibi yangu mwongo. Nilichaniwa sketi kwa ajili ya huyu bibi, kumbe alikuwa anatutungia.

Na wiki yenyewe ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Nilikuwa nimeanza kujifunza kupamba maharusi, kwenye saluni moja yenye darasa lake. Salma, mwanangu wa miezi saba, akalia mara mbili, mwalimu akaniambia nikakae nje mpaka anyamaze. Nikakaa nje. Hakunyamaza. Nikaenda nyumbani, sikurudi tena.

Basi nikajitupa kitandani, Salma na titi mdomoni, kopo liko mezani limeshafungwa kamba. Nikamwambia Bibi, kwa sauti, kwamba amenitia aibu. Nikafumba macho.

Nilipofumbua nilikuwa nimekaa kwenye mkeka.

Ulikuwa mkeka wa kwanza. Nilijua bila kuambiwa. Mbele yangu shuka jeupe limefungwa kwenye nguzo mbili, nyuma yangu mashine inanguruma, na hewa nzima ina ile harufu chachu ya mkonge uliokamuliwa. Salma yuko mapajani, kopo nalo liko mapajani, na sioni ajabu kwamba wote wawili wameenea. Naanza kumtafuta Bibi. Nina maneno naye. Nautazama mkeka kuanzia huku hadi kule. Wamekaa wanaume waliovaa mashati ya kutokea, na wanawake wachache wasio na watoto. Bibi hayupo. Namuuliza mzee aliye pembeni yangu, anaweka kidole mdomoni. Imeanza.

Salma akalia.

Analia kama anavyolia kila siku, kwa mapafu yote mawili. Anakuja mtu mwenye tochi, ananimulika usoni, ananiambia nimtoe mtoto. Namwambia namnyamazisha. Anasema watu hawasikii. Namwambia sinema yenyewe ya Kihindi, hata wakisikia wataelewa nini. Mkeka mzima unacheka, nami najiona nimeshinda, lakini tochi haiondoki, na anayeishika sasa ni mwalimu wangu wa kupamba maharusi. Mkeka ni dawati. Shuka ni ubao. Wenzangu wote wameinamia madaftari yao wasije wakakutana na macho yangu.

"Kakae nje mpaka anyamaze," anasema.

Nikainuka. Miguu ilikuwa mizito, ndotoni ndivyo inavyokuwa, unataka kuondoka kwa kishindo unaondoka kama unavuka tope. Nikapita kando ya nguzo, mtoto mkono huu, kopo mkono huu, nikijua kwamba nyuma ya shuka hakuna kitu. Ni giza na mashina ya mkonge.

Nyuma ya shuka kumejaa.

Wamekaa chini kwenye vumbi, hawana mkeka, wanawake peke yao, na kila mmoja ana mtoto, mgongoni, titini, mapajani. Watoto wanalia, wengine wananyamaza, wengine wanaanza, na hakuna anayemfukuza mwenziwe. Nyuso zote zimeinuliwa juu. Shuka ni jembamba, mwanga unapenya, na sinema iko huku pia, nzima nzima, haijapungua hata kidole.

Bibi yuko pale katikati. Ana umri wangu. Shingo yake haina hata kunyanzi moja, lakini kikohozi ni kilekile cha uzeeni. Mgongoni amebeba mtoto anayelia kuliko wote, na sihitaji kumwona uso kujua kwamba ni mama yangu.

Nikamwamkia. Nikamwamkia tena. Shikamoo zote mbili hazikuitikiwa. Bibi anachora, kwa kipande cha penseli, nyuma ya karatasi ya pakiti ya majani ya chai. Nikamwambia kuna mama amekuja nyumbani amemwita mwongo. Akaniambia nisogee, nimemziba. Nikamwambia mapambo yake yote yamepinduka, yote, hakuna hata moja lililo sawa. Akaniuliza ni kanga gani hii nyepesi niliyomfunika mtoto, nataka apate mafua? Ndivyo alivyokuwa hata akiwa hai. Unamweleza jambo linalokuunguza moyo, yeye anakuuliza mboga umetia chumvi.

Nikachoka naye. Nikajibwaga vumbini kando yake kwa nguvu, ajue kwamba nimechukia. Ndipo nikainua uso.

Steringi yuko kisimani, anavuta kamba ya ndoo. Amegeuka nusu, nywele amezibana, na kwenye nywele yuko tausi.

Tausi anatazama kushoto.

Natazama tena. Maandishi yaliyo chini yake nayo yamepinduka, herufi zinatembea kinyumenyume. Natazama karatasi ya Bibi. Mdomo wa tausi, shingo ya tausi, manyoya, mstari kwa mstari, kama vilivyo pale juu. Upande uleule.

"Ulituambia ulikaa mbele," nikasema.

Hakuacha kuchora. "Nilikaa. Siku moja. Mama yako akalia."

"Sasa kwa nini ulitudanganya?"

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyokuwa akinitania tangu nikiwa mtoto, "ulitaka niseme nilitolewa na tochi?"

Mimi mwenyewe wiki nzima nilikuwa namwambia mume wangu kwamba darasa limeahirishwa, mwalimu anauguliwa.

Pale juu steringi anaiacha kamba. Anainama, anasogea, mpaka uso wake unaenea shuka zima na kitambaa kinatuna kama kuna mtu kweli. Anachomoa tausi kwenye nywele zake, anampitisha katikati ya kitambaa, anampa Bibi, kama jirani anayetoa moto dirishani. Kule mbele hakuna anayeshtuka. Nasikia wanavyocheka. Wao bado wanamwona kisimani. Bibi anampokea tausi, anamfuta kwa ncha ya kanga, anafungua kopo langu, anamlaza ndani, anakishindilia kifuniko kwa kiganja. Kamba niliyoifunga mimi haipo.

Nilikuwa na hasira zilizobaki, na sikutaka zilale. Nikamwambia, mimi lakini sitaki kukaa nyuma, Bibi.

"Nani kakwambia utake?"

Sasa ananitazama, kwa mara ya kwanza, kwa macho yake ya uzeeni ndani ya uso ule wa kijana.

"Mbele walinitoa," anasema. "Macho hawakunitoa."

Mtoto wa mgongoni mwake analia. Salma anamjibu. Vilio viwili vinapanda pamoja, vinakuwa kimoja, vinakuwa karibu, vinakuwa sikioni mwangu, na mto umelowa maziwa, na jua limeshahama dirisha.

Nikakaa kitandani. Nikambeba Salma, nikampigapiga mgongo. Kopo lilikuwa mezani na kamba yake, na picha ya Mama Shufaa palepale alipoiacha. Niliichukua, nikasimama mbele ya kioo cha kabati, nikaigeuza ielekee kiooni.

Ndani ya kioo tausi alitazama kushoto.

Nikakata kamba kwa meno, nikamtoa wa Bibi, nikamweka kando ya kioo. Walikuwa wanalingana kama watoto wa tumbo moja. Nikatoa pambo la mwezi mchanga. Nikatoa kipini. Nilikuwa nakumbuka picha zao kwenye albamu, na sasa nilijua zingekaaje kwenye kioo. Hakuna alichokosea, hata upande wa mnyororo. Miaka yote ile, mtoto akipiga kelele mgongoni, vumbi matakoni, yule mwanamke hakukosea hata kitu kimoja.

Mtu atafikiri nilifurahi. Nilikasirika upya. Niliikasirikia ile tochi, na kila aliyekaa mkeka wa kwanza akasikia mtoto anatolewa asigeuze shingo. Nilimkasirikia Bibi pia, kwa kuona aibu ambayo haikuwa yake, akaenda nayo mpaka kaburini, angeniambia ningemtetea vizuri zaidi. Salma ndiye pekee niliyemwacha, na yeye alikuwa ananivuta nywele.

Nikaandika ujumbe kwa mume wangu kwamba darasa halikuahirishwa, nilitolewa, na Jumatatu narudi. Wakinitoa tena nitavuta kiti mpaka dirishani na nitaangalia kila kitu, na watanisikia nikiuliza maswali kutokea huko. Sikumwomba ushauri.

Hodi ikapigwa. Mama Shufaa, na mfuko wake, na koleo ndogo ya kung'olea mawe imechungulia mfukoni.

Nikamkaribisha. Hakukaa, na mimi sikumwambia akae. Nikampa picha yake mkononi, nikamwonyesha kioo. Alisita kidogo, akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeamka vibaya, halafu akafanya. Niliona glavu yake nyeupe ikitulia. Akamtazama tausi wa kwenye kioo, akamtazama wa Bibi, akarudi kwenye kioo. Akafungua albamu mwenyewe bila kuambiwa, akatafuta ukurasa wa mwezi mchanga, akauelekeza kiooni. Akatafuta wa kipini. Koleo aliirudisha ndani kabisa ya mfuko.

Akaifunga albamu. Kisha akaniuliza, polepole, kama anamuulizia mtu anayetaka kwenda kumsalimia:

"Alikuwa amekaa wapi?"

Nikalifunga kopo, nikalipachika kiunoni upande usio na mtoto.

"Nyuma," nikamwambia. "Na mama yangu mgongoni."