Jinsi nilivyomkinga dada yangu na mate ya bibi yetu

Wakuu, mulembe kwenu nyote.

Nimesoma nyuzi za watu humu wakilia na wakwe na mashangazi, nikaona leo nami nitoe yangu. Ni ya kweli. Anayedhani nimeongeza chumvi aende kijijini kwetu Mayoni aulize, wenyewe bado wapo.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwisho mwisho. Kitindamimba wetu, Nanjala, alikuwa hata shule hajaanza alipopatikana na saratani ya damu. Kanisa likahangaika, ukoo ukahangaika, hadi tukafika India apandikizwe uboho.

Ndugu wote tulipimwa. Sasa hebu cheka nami: kwetu kumejaa walokole watupu, wanaimba kwaya, hawajui hata pombe ya busaa inanukaje. Uboho uliolingana na wa mtoto ni wangu mimi, kifungua mimba, mlevi wa ukoo. Mama alishukuru Mungu, lakini uso wake ulionyesha angependa tupimwe tena.

Walinitoboa nyonga, wakachota walichotaka. Nanjala akawekewa kwa mpira kama damu ya kawaida. Akapona polepole, tukaruhusiwa kurudi nyumbani.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Daktari alituambia kinga ya mtoto imefutika yote, sasa ni kama wa kuzaliwa jana. Asile kitu kibichi. Maji yachemshwe. Asikae na kuku wala umati wa watu, na joto likipanda kidogo tu ni mbio hospitali, maana homa ndogo inaweza kumuua.

Nyumba ya Mayoni ilikuwa ya udongo, na kuku walilala sebuleni kama wapangaji. Mimi nilikuwa nimepanga Kakamega mjini, nyumba ya sakafu ya simiti. Basi Mama na Nanjala wakahamia kwangu, na mimi niliyekuwa sijui kuchemsha yai nikawa nesi. Nilipiga deki kwa jiki mpaka macho yakawa mekundu, na majirani wakadhani ile chupa niliyoiacha nimeirudia.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa na kipara, mashavu yamevimba kwa dawa, na mdomo mkali kuliko wa hakimu. Alitaka miwa. Mtoto wa Mayoni kukatazwa miwa ni kesi kubwa, wakuu. Nikamkuta siku moja anatafuna pindo la shuka, kisha anatema makapi ya uongo sakafuni. Nilitoka nje nikalia. Nasema wazi, nililia.

Sasa, wageni.

Kwetu mgonjwa akitoka hospitali, ukoo mzima huja kumwona, na haji mtu mikono mitupu. Mtu anakuja na ingokho, kuku mzima hai, kwapani, anataka kuingia naye hadi kitandani. Niliwasimamisha wote uani. Kuku walienda kwa jirani, wageni wakamsalimia mtoto kupitia kioo cha dirisha. Wakarudi wakisema tumepanda ndege mara moja tu na tayari tuna kiburi.

Hayo niliyavumilia. Kisha akaja Kukhu, mama yake baba yetu.

Kukhu alifika na kuku wake, akakataa kiti, akakataa chai. Akasema, "Mimi sikukuja kukunywa chai. Nimekuja kutemea mtoto."

Kwa wasiojua: kwetu mzee akikubariki anakutemea mate kifuani. Mtoto aliyeponea kifo asipotemewa, ni kama bado hajarudi. Na Kukhu alikuwa anatafunanga ugoro.

Nikamweleza habari ya vijidudu. Akaniuliza kama babangu alikufa kwa mate yake, yeye aliyemtemea tangu azaliwe. Nikasema hapana, ilikuwa ajali ya trekta ya miwa. Akasema, "Sasa?"

Nikasimama mlangoni. Mama akawa analia, maana Kukhu akiondoka hivyo, kwa watu wetu hiyo ni laana, na mtoto akiugua tena tutajua nani wa kulaumiwa. Na nikimwacha aingie, huenda tukamzika mtoto. Nanjala alikuwa amebandika pua kwenye kioo, anatutazama kama sinema.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nikamwambia, "Kukhu, ile damu yake ya zamani iliisha yote. Iliyo ndani yake sasa ni yangu. Daktari mwenyewe alisema hata ile grupu ya damu imekuwa yangu."

Akanitazama. "Yote?"

"Yote."

"Hata kidogo yake haikubaki?"

"Hata tone."

Akafikiri. "Kwa hivyo siku hizi huyu mtoto anakunywanga busaa?"

Mama akacheka na machozi yake. Mimi nikafungua vifungo vya shati.

Wakuu, nilitemewa. Kifuani, usoni, sikioni. Ugoro wote wa Mayoni uliishia kwangu, huku akiita majina ya mababu hata wale ambao sikuwa nimewahi kuwasikia. Alipomaliza tukageuka dirishani.

Nanjala alikuwa anajipangusa kifua kwa mikono miwili. "Kukhu," akaita, "umenilowesha!"

Kukhu akakaa, akaitisha chai.

Nilienda kuoga kwa sabuni ya kufulia kabla sijamgusa mtoto. Joto lake halikupanda.

Nanjala alikua. Kukhu ametutoka, Mungu amrehemu. Siku dada yangu anaolewa, wazee walijipanga kumtemea, suti yangu mpya ikiwa salama kabisa nyuma ya hema. Akawasimamisha, akaja kunivuta mkono hadi mbele ya watu, akasema, "Anzeni na huyu. Damu ni yake."

Nilifungua shati.

Nilichojifunza ni hiki: mlinde mtoto, usilegeze hata kidogo, lakini usimfukuze aliyekuja na upendo wake. Mtafutie pa kuumwagia, hata kama ni usoni pako.

Waliowahi kulea mgonjwa huku wamezingirwa na ukoo, semeni mlipita vipi. Na mwenye dawa ya kutoa madoa ya ugoro kwenye suti, aanze yeye.