Kumbikumbi wa Usangu na Gari la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hajawahi kuniambia neno hata moja, na bado hakuna mtu aliyewahi kunigombeza kama yeye.

Anayeijua mila ya Kinyakyusa haoni ajabu. Mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Akikohoa uani, mimi nageukia ukuta. Wengi siku hizi wameiacha, wanakaa na wakwe zao sebule moja wakigombania rimoti. Mzee wangu hajaiacha. Mimi kwetu Iringa, hatuna ukali wa namna hiyo, ila niliyasikia masharti kabla ya kuolewa nikayakubali, kwa hiyo sina pa kupeleka malalamiko. Tunaishi nyumba mbili, uwanja mmoja, hapa Uyole, Mbeya, na kila jambo kati yangu na yeye linapita kwa mama mkwe, ambaye hulifikisha akiwa ameliongezea chumvi au ameipunguza, kutegemea na alivyoamka.

Sasa mtu huyo mpe gari. Alipostaafu ualimu alinunua gari dogo kutoka Japani, jeupe kama maziwa. Analiosha mwenyewe, kwa vitambaa vitatu: cha bodi, cha vioo na cha matairi. Nilivihesabu kwenye kamba, nikarudia, ni vitatu. Siku moja mama mkwe alifutia meza kile cha bodi, na chakula cha mchana hicho kililiwa kimya kimya.

Nisingelitaka gari lake, naapa. Lakini mama yangu anaishi kijijini, ukitoka Iringa kama unaelekea Idodi, na ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda. La kulia linalindwa kwa dawa za matone na kliniki ya kila mwezi huku Mbeya. Nilimwambia ahamie kwangu. Akaniuliza kuku wake nao watahamia kwa nani. Basi akawa anakuja kwa basi, na basi likamuumiza nyonga, na nyonga ikamfanya akose kliniki mara mbili. Daktari alinitazama mimi, si yeye, akasema akikosa mara ya tatu asilaumiwe mtu.

Mume wangu yuko machimboni Chunya, anarudi akipata nauli. Leseni ninayo, niliwahi kuendesha pikapu ya kusambazia soda miaka minne. Nikamtuma mama mkwe kwa mzee.

Alirudi na ufunguo ameushika kwa vidole viwili, kama ameokota kitu kisafi sana au kichafu sana.

"Baba amesema chukua. Ila lirudi kama lilivyotoka."

"Kama lilivyotoka vipi, mama?"

"Jeupe."

Kwenda Iringa kulikuwa salama. Kurudi na mama ndiko kulikoniponza. Ilikuwa Novemba, mvua ya kwanza imenyesha juzi yake, na mtu akishavuka Igawa jioni ya siku za namna hiyo, akaingia bonde la Usangu kuitafuta Chimala, anakuta kumbikumbi wamefungua mkutano wa hadhara. Si kumbikumbi peke yao. Kuna vipepeo, panzi, na vile vidudu vya mashamba ya mpunga ambavyo sivijui majina na sitaki kuyajua. Walikuwa wanapasuka kwenye boneti mfululizo.

"Huko mbele mnakaanga bisi?" mama akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Wadudu, mama."

"Punguza mwendo, wapite."

Nikapunguza. Hawakupita. Nikaongeza. Wakapasuka vizuri zaidi.

Tulifika Uyole giza limeingia. Nilimulika boneti kwa tochi ya simu, nikahesabu mia na arobaini na tatu. Nikarudia, nikapata mia na hamsini na moja, maana wengine walikuwa wamejificha nyuma ya namba ya gari. Nikajiambia wafu hawana haraka, nitawaosha asubuhi.

Kumbe wana haraka. Majimaji ya mdudu ni makali, na jua la asubuhi likiyakuta kwenye rangi linayapika. Nilipotoka na ndoo walikuwa wamegandamana kama ugali uliolala sufuriani. Maji hayakuwafanya chochote. Sabuni ya unga hivyo hivyo. Na nilijua mzee akimaliza chai anatoka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo najua wanawake wengi wa Nyanda za Juu wangelifanya nami. Kitu kikigandamana kwenye sufuria, sisi tunafanyaje? Nilikwenda jikoni, nikachota majivu ya mkaa, nikayachekecha mara mbili ili yasiwe na chenga, nikalowesha kitambaa, nikasugua. Wadudu walitoka. Walitoka vizuri sana, na rangi nayo ikaamua kuwasindikiza. Pale kwenye pua ya boneti palibaki duara la ukubwa wa chapati, limefifia, halingʼai tena hata ukilitazama kwa huruma.

Nikaingia ndani, nikajibanza nyuma ya pazia. Nikasikia kikohozi. Kisha nyayo zikizunguka gari, mara moja, mara ya pili. Kisha sauti, kubwa kiasi cha kunifikia mimi nisiyeongeleshwa.

"Muulize mkamwana wako, gari ni sufuria?"

Mama mkwe akaja mpaka dirishani pangu. "Anauliza, gari ni sufuria?"

"Mwambie hapana."

"Anasema hapana."

"Sasa majivu ya nini?"

"Anauliza majivu ya nini."

"Mwambie wadudu waligandamana."

"Anasema waligandamana."

"Kwa hiyo akaona awapikie wali."

Hilo mama mkwe hakulifikisha. Hakukuwa na haja, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Hukumu ilikuwa kwamba gari halitoki tena. Nikajibu kupitia dirishani kwamba sawa, gari lake, rangi yake, ila mkwewe, yaani mama yangu, ameketi sebuleni kwake sasa hivi anakunywa chai yake, na leo anapelekwa kliniki. Je, akitoka huko arudishwe Iringa kwa baiskeli? Nikaongeza, nikijua hapo ndipo pa kupatana bei, kwamba naomba gari kwa kumrudisha, halafu mwezi ujao mara moja tu, na likirudi na doa hata moja sitaliomba tena maishani. Kikohozi kirefu. Mama mkwe akasema kikohozi hicho maana yake ndiyo. Bado nadhani alikitafsiri kwa faida yangu.

Nikitoka kumrudisha mama nilisimama Makambako kunywa chai. Mbele ya mgahawa palikuwa na moja ya yale magari ya IT, yanayotolewa bandarini Dar na kuendeshwa mpaka mpakani Tunduma kwenda kwa wenyewe nchi za jirani. Viti vyake bado vilikuwa na nailoni. Lakini sura yake! Kuanzia bampa mpaka katikati ya boneti lilikuwa limepakwa kitu cheupe, kinene, kimekauka na kupasukapasuka, na juu yake wadudu wamelala kama zabibu kwenye keki. Dereva alikuwa meza ya pili, amejifunga shuka begani.

"Kaka, hilo gari limeugua?"

"Limepakwa sabuni, dada. Ya mche, hii ya kufulia."

"Ya nini?"

"Mdudu anafia kwenye sabuni, hafiki kwenye rangi. Ukifika unalimwagia maji, mdudu anaondoka na jeneza lake."

"Na akishaganda kwenye rangi kabisa?"

"Hasuguliwi. Unalowesha taulo, unalilaza juu yake nusu saa, analainika mwenyewe. Usije ukamsugua."

Nikainamia kikombe changu. Akanitazama.

"Umeshasugua?"

"Kwa majivu."

Aliweka kikombe chini. "Dada yangu. Majivu! Mimi hili likifika Tunduma na mkwaruzo mmoja, mwenyewe ananikata hela. Wewe la kwako nani anakukata?"

"Baba mkwe."

"Afadhali mimi."

Alitaka nimlipie chai na chapati mbili kwa elimu hiyo. Tukaelewana kwenye chai na chapati moja, na ile moja niliikata nikala nusu, kwa kuwa elimu yenyewe nilikuwa sijaijaribu.

Mwezi uliofuata nilikwenda kumchukua mama na miche miwili ya sabuni. Alfajiri ya kurudi, uani kwa mama, niliilowesha nikapaka gari kama mtu anayepiga lipu, huku mama ameshika taa na kuku wananizunguka wakidhani nimekoroga pumba.

"Unaliogesha kabla ya safari?"

"Nalikinga, mama."

"Ungelivalisha na kofia."

Tulivuka Igawa, na kila kitu kilikwenda kama dereva alivyosema. Wadudu walifia kwenye sabuni, nami nikawa nawatazama kwa dharau. Tulipoipita Chimala mvua ikashuka. Sijui kwa nini kwenye chai ile sikuuliza habari ya mvua. Sabuni ililowana, upepo ukaisukuma, ikapanda kwenye kioo cha mbele. Nikawasha waipa. Waipa zikaikoroga. Ndani ya nusu dakika mbele yangu hakukuwa na barabara, palikuwa na povu. Nikaegesha pembeni taratibu, mabonge ya povu yakidondoka kwenye lami. Askari wa usalama barabarani aliyekuwa amejikinga kwenye kibanda karibu akatoka na mwavuli.

"Mama, hili gari lina kifafa?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akazunguka, akagusa povu, akakinusa kidole. Akaniambia niende polepole, halafu akawaita wenzake waje kuona.

Lakini tulipofika Uyole nilivuta mpira wa maji nikaliosha saa ileile. Nikahesabu wadudu: hakuna. Nikarudia, nikapita hadi chini ya bampa na nyuma ya namba: hakuna hata ubawa. Nililala nikijua mama ataonwa na daktari kesho, na miezi yote mingine imepatikana.

Asubuhi, kikohozi. Nyayo, raundi mbili. Zikasimama.

"Muulize, kwenye grili humu mna nini kimekauka cheupe?"

Nilikuwa nimesahau matundu ya grili.

"Mwambie sabuni ya mche."

"Anasema sabuni ya mche."

Nikasikia ukucha ukikwangua grili.

"Mwezi uliopita sufuria. Mwezi huu shuka." Akavuta pumzi. "Wadudu hawapo, hilo nakubali. Lakini mwambie gari halitaendeshwa tena na mtu anayeliona kama kazi ya nyumbani. Mkwe wangu nitamrudisha na kumfuata mwenyewe. Usangu nimepita tangu yeye hajazaliwa. Mtu ukiwa na akili, wadudu unawakwepa."

Unawakwepa! Nilimwomba mama mkwe aulize wanakwepwaje, kwa usukani au kwa maombi. Alikataa kulibeba hilo.

Mwezi wa tatu, kweli, alikwenda mwenyewe, na suti, na kile kitambaa cha bodi. Mimi nikabaki, kwa sababu siwezi kukaa naye ndani ya gari moja. Sikuwaona dada zangu wa Iringa, sikununua viazi vya bei nzuri njiani. Walirudi saa kumi na mbili jioni. Mama alishuka anacheka. Mzee aliingia ndani kupumzika, nami nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuliona gari.

Mia mbili na sitini na nane. Nilirudia kwa uangalifu, nikimpa nafuu kila aliyekuwa nusu. Mia mbili na sitini na nane. Panzi mmoja alikuwa amekaa mzimamzima kwenye nembo kama dereva wa akiba.

"Baba anasema ni wachache kwa msimu huu," mama mkwe akaniambia dirishani.

"Ndaga, mama," nikamshukuru kwa Kinyakyusa. "Mwambie nimefurahi."

Kikapita kitambo. Kisha kikohozi kilichokaribia sana ukuta wangu, halafu sauti yake, safari hii chini chini, ikijifanya inaongea na mkewe tu.

"Muulize ile sabuni alipaka nene kiasi gani. Na ikinyesha anafanyaje."

Nikasogeza kiti dirishani. Sikuwahi kupata mteja aliyeshikika namna hii.

"Mwambie namweleza yote, na taulo la kulainishia namwonyesha. Ila siku za kliniki naendesha mimi."

Mama mkwe hakufika popote na ujumbe huo. Mama yangu alikuwa sebuleni kwa mzee, dirisha wazi, na jicho lake moja halijawahi kumpunguzia masikio.

"Wewe acha," akasema kwa sauti. "Mimi nakwenda na mkwe wangu."

"Mama!"

"Wewe uliniamsha saa kumi alfajiri ukasimama kila kibanda kuuliza bei. Na povu juu. Huyu tumetoka tumeshakula, anaendesha taratibu, ananionyesha kila shule aliyofundisha. Nyonga hata sijaisikia. Kliniki sikosi tena, na wewe ndiyo shida yako hiyo, au siyo?"

Ndiyo ilikuwa shida yangu hiyo. Kesho yake daktari alipima presha, akaandika, akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali, na safari hii hakunitazama mimi kabisa.

Masharti yaliyobaki yalikuwa yameletwa na mama mkwe jioni ile ya panzi, bila chumvi: mzee anaendesha, sabuni napaka mimi gari linapotoka hapa, anabeba mche mmoja wa akiba wa kujipakia kule, na likirudi, kwa kuwa nimeonekana kuwa mjuzi wa taulo, kulainisha ni kazi yangu, jioni ileile, kabla ya chai. Niliomba angalau grili aoshe mwenyewe. Kikohozi kikawa kifupi, na hicho hata mimi nilijua maana yake.

Basi jioni hiyo nilikuwa nimeinama kwenye boneti, nimelilaza taulo lenye maji juu ya wafu mia mbili na zaidi, nikingoja nusu saa ipite, huku dirisha la sebuleni likitoa harufu ya tangawizi na sauti za wazee watatu wakicheka kuhusu askari mwenye mwavuli. Niliinua ncha ya taulo kumtazama panzi. Alikuwa bado hajalainika.